Hiroshige: Askari wa Zimamoto Aliyechora Sherehe za Edo

Utangulizi

Katika soko la Toi, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Ayany ninakoishi, wapo wauzaji wa vitabu vya mitumba ambao hutandaza bidhaa zao juu ya turubai. Mwanafunzi asiye na fedha nyingi hupita hapo mara kwa mara, kwani haijulikani ni lini bahati itamdondokea. Siku moja nilinunua hapo kalenda kuukuu ya ukutani iliyokwisha kupitwa na miaka yake. Sikuinunua kwa ajili ya tarehe. Niliinunua kwa sababu ya picha ya mwezi mmojawapo: paka mweupe ameketi kwenye dirisha lenye fito za mbao, ametupa kisogo kwa mtazamaji, anaangalia nje. Huko nje, mbali sana, watu wadogo mithili ya siafu wanapita mashambani kwa msafara mrefu, na nyuma yao umesimama mlima chini ya anga la jioni. Chini ya picha hiyo palichapishwa jina moja tu: Hiroshige.

Nilidhani kwamba picha hiyo inahusu paka. Ilinichukua muda kufahamu kwamba inahusu sherehe, na kwamba msafara ule mdogo ndio uliokuwa kiini cha picha nzima. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mchoraji huyo, Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufariki mwaka 1858 katika mji wa Edo, ambao leo unaitwa Tokyo. Yamkini msomaji atauliza: jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na Mjapani wa karne ya 19? Swali hilo ni halali. Ninaomba msomaji anivumilie hadi mwisho, kwa kuwa maisha ya mtu huyu yana neno la kutuambia sisi tunaojifunza kuzihifadhi ngoma, nyimbo na miviga ya watu wetu.

Mtoto wa Kambi ya Zimamoto

Ili kumwelewa Hiroshige, ni sharti kwanza kuuelewa mji uliomlea. Edo ulikuwa makao ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, na katika karne ya 18 ulikuwa umefikia wakazi wapatao milioni moja. Ulikuwa mji wa mbao. Nyumba zilijengwa kwa mbao, milango na madirisha yalifunikwa kwa karatasi, na watu walipikia na kuota moto wa makaa. Matokeo yake hayahitaji ramli. Moto mkuu wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji na kuua makumi ya maelfu ya watu, na baada ya hapo moto mwingine mkubwa kwa mdogo haukukoma kuzuka kizazi hadi kizazi. Wenyeji wa Edo walizoea kujenga, kuunguliwa na kujenga tena.

Baba yake Hiroshige, Ando Gen'emon, alikuwa ofisa wa ngazi ya chini katika kikosi cha kulinda kasri la shoguni dhidi ya moto. Familia iliishi katika kambi ya kikosi hicho eneo la Yayosu, karibu na kasri. Kwa nasaba walihesabiwa miongoni mwa samurai, yaani tabaka la askari waungwana, lakini uungwana huo haukujaza chungu. Ujira ulilipwa kwa mchele, nao ulikuwa haba.

Mwaka 1809 ulikuwa mwaka wa msiba maradufu. Mama yake alifariki mwanzoni mwa mwaka, na kabla mwaka haujaisha baba naye akamfuata. Kabla ya kufa, baba alikuwa amemrithisha mwanawe wadhifa wake. Basi mtoto wa miaka 12, yatima wa pande zote mbili, akawa askari wa zimamoto wa kasri la shoguni. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; huyu alilelewa na kengele ya hatari.

Hata hivyo, kazi ya kungoja moto ina sifa moja: sehemu yake kubwa ni kungoja. Moto usipozuka, mlinzi ana saa nyingi za kutazama paa za nyumba, mawingu na watu wapitao. Hiroshige alizitumia saa hizo kuchora. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi alikwenda kuomba nafasi katika karakana ya Utagawa Toyokuni, bingwa wa picha za waigizaji wa maigizo ya kabuki. Alikataliwa, kwa kuwa mwalimu huyo tayari alikuwa na wanafunzi wengi mno. Ndipo akapokelewa na Utagawa Toyohiro, mchoraji mtulivu ambaye jina lake halikuvuma kama la Toyokuni.

Mwaka 1812 mwanafunzi huyo aliruhusiwa kutumia jina la ukoo wa kisanaa wa Utagawa. Wapenzi wa isimu watafurahia jinsi jina lake lilivyoundwa. Sehemu ya kwanza, Hiro, ilitokana na jina la mwalimu wake Toyohiro. Sehemu ya pili, shige, ni namna nyingine ya kuisoma herufi iliyoanza jina lake mwenyewe la wakati huo, Juemon. Kwa hiyo jina Hiroshige ni ndoa ya mwalimu na mwanafunzi, na lilibaki naye hadi kaburini.

Kazi ya Mikono Mingi

Kabla ya kuendelea na safari ya maisha yake, inafaa tueleze kazi yenyewe, kwa sababu picha hizi si michoro ya mkono kama wengi wetu tunavyodhani. Ni chapa za mbao. Wajapani waliziita ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu unaoelea, ulimwengu wa starehe za mpito: maigizo, warembo, safari na sikukuu.

Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchonga mbao aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha akachonga akifuata mistari, akiondoa mbao pale palipotakiwa kubaki peupe. Katika kazi hiyo mchoro wa asili uliangamia. Ulikatwakatwa pamoja na ubao. Baadaye zilichongwa mbao nyingine, moja kwa kila rangi au kundi la rangi. Mpiga chapa alipaka rangi juu ya ubao, akalaza karatasi ngumu iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, akaisugua kwa kisuguo cha mviringo kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Alama ndogo zilizochongwa pembeni mwa kila ubao zilihakikisha kwamba rangi moja haikutambaa juu ya nyingine. Juu ya wote hao alisimama mchapishaji, aliyetoa mtaji, aliyeagiza mada, aliyepeleka mchoro kwa wakaguzi wa serikali na kuuza picha dukani.

Picha moja iliuzwa kwa bei inayokaribia ile ya bakuli la tambi. Ilikuwa sanaa ya mtu wa kawaida: ya fundi, ya mchuuzi, ya msafiri aliyetaka zawadi ya kupeleka nyumbani. Haikukusudiwa kudumu. Ilibandikwa ukutani au kwenye pazia la karatasi, ikachakaa, ikatupwa. Kwa hiyo tunapomtaja Hiroshige tunataja pia mafundi ambao majina yao mengi hayajulikani kwa wasomaji wa leo. Hali hii si ngeni kwetu. Nani anayemjua mchoraji wa kanga aliyoivaa nyanya yake? Simulizi za historia ya kanga hutaja vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono, na katika karne ya 20 viwanda vya Japani vyenyewe vilichapa kanga nyingi zilizouzwa katika pwani yetu. Vazi lilipendwa na jina lake likasomwa na wengi, mikono iliyolichapa ikasahaulika.

Barabara ya Tokaido

Kwa takriban miaka ishirini ya mwanzo Hiroshige alikuwa mchoraji wa kawaida. Alichora warembo, waigizaji na askari wa hadithi za kale, kama walivyofanya wenzake, bila kujitokeza. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1828, inasemekana aliombwa kurithi jina la mwalimu na karakana yake, akakataa. Wadhifa wa zimamoto aliukabidhi kwa mrithi wa ukoo, nao uchoraji ukawa riziki yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830 mambo mawili yalikutana. La kwanza ni kwamba mchoraji mkongwe Hokusai alikuwa ametoa mfululizo wake wa picha za Mlima Fuji, akithibitisha kuwa wanunuzi wako tayari kununua mandhari tupu isiyo na mrembo wala mwigizaji. La pili ni rangi ya buluu ya Prussia iliyoingizwa kutoka Ulaya, ambayo haikufifia upesi kama buluu za mimea na iliyowezesha kuchapa bahari na anga kwa kina kisichojulikana awali. Hiroshige aliliona pengo hilo.

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka, mwaka 1832 aliungana na msafara wa serikali uliopeleka farasi wa zawadi kwa mfalme mjini Kyoto, akapita barabara ya Tokaido yenye urefu wa kilomita zipatazo 490. Baadhi ya wataalamu wanatilia shaka safari hiyo, lakini hakuna anayetilia shaka matokeo. Kati ya mwaka 1833 na 1834 ulitoka mfululizo wa picha 55, moja kwa kila kituo kati ya vituo 53 vya barabara hiyo, pamoja na mwanzo na mwisho wake. Mchapishaji mkuu aliitwa Takenouchi Magohachi, mwenye duka la Hoeido. Picha hizo zilimtoa Hiroshige gizani. Japani nzima ilitaka kuziona mvua zake, theluji zake na wapagazi wake wanaokimbia huku wameinamisha vichwa.

Katika mfululizo huo ndimo tunamoona kwa mara ya kwanza namna yake ya kuzitazama sherehe. Katika kituo cha Miya alichora sherehe ya hekalu la Atsuta: makundi mawili ya wanaume waliovaa sare wanakimbia na farasi, kamba zimekazwa, miguu haigusi chini. Katika kituo cha Numazu hatuoni sherehe, lakini tunamwona msafiri wa kuhiji aliyebeba mgongoni barakoa kubwa nyekundu yenye pua ndefu, akitembea usiku chini ya mbalamwezi. Miviga iko safarini pamoja na mwenye kuiamini.

Umaarufu haukumletea utajiri. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1838; husimuliwa kwamba mama huyo aliwahi kuuza nguo na vitana vyake vya thamani ili mumewe apate nauli ya kwenda kuchora. Kama kisa hicho ni kweli, basi mandhari tunazozisifu leo zililipiwa kwa nywele zisizopambwa za mwanamke ambaye historia haikumpa nafasi. Hiroshige alioa tena, mke aliyeitwa Oyasu, binti wa mkulima. Mapema katika miaka ya 1840 serikali iliyotaka kurejesha maadili ilipiga marufuku picha za waigizaji na makahaba. Wachapishaji wengi walitikisika, lakini picha za mandhari na za sikukuu ziliruhusiwa, na hivyo Hiroshige akazidi kupata kazi. Inakadiriwa kwamba aliacha maelfu ya michoro. Wingi huo ulitokana na kipaji na pia na njaa.

Tetemeko la Mwaka 1855

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855 ardhi ya Edo ilitetemeka. Nyumba ziliporomoka, na kama ilivyotarajiwa katika mji wa mbao, moto ukazuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Watu waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Hiroshige alikuwa mzee wa miaka 58. Maisha yake yalikuwa yameanza katika kikosi cha kuuzuia moto, na sasa akauona mji wake ukiungua kwa kiasi ambacho hakuna kikosi kingeweza kukizuia.

Mwaka uliofuata, 1856, alinyoa kichwa akawa mtawa wa dini ya Buddha, kama walivyofanya wazee wengi wa wakati wake. Mwaka huohuo alianza kazi yake kuu ya mwisho, mfululizo wa picha za mandhari mia moja mashuhuri za Edo, uliochapishwa na Uoya Eikichi. Kazi hiyo ilipita mia moja. Picha 118 zinahesabiwa kuwa zake.

Baadhi ya wasomi wanaosoma mihuri ya wakaguzi iliyo kwenye picha hizo, ambayo huonyesha mwezi na mwaka wa kuidhinishwa, wametoa hoja ya kuvutia. Wanasema kwamba mfululizo huo ni namna ya kumbukumbu ya mji unaofufuka. Mfano wao mashuhuri ni picha ya hekalu la Asakusa wakati wa theluji. Tetemeko lilikuwa limepinda ncha ya mnara wa hekalu hilo. Ncha hiyo ilirekebishwa mwaka 1856, na miezi michache tu baadaye picha ikatoka ikiuonyesha mnara umesimama wima, paa jeupe, kuta nyekundu. Mnunuzi wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Hoja hiyo inatusaidia kuelewa kwa nini mfululizo huo umejaa sherehe. Mji ulioporomoka hutaka kujua kama nyumba zitajengwa tena. Hutaka pia kujua kama mwaka utarudi katika mzunguko wake: kama siku ya wavulana itafika, kama nyota zitaombwa, kama mungu wa wavuvi atabebwa tena baharini.

Sherehe Zinazotazamwa kwa Mbali

Tuzitazame basi baadhi ya picha hizo. Katika picha ya daraja la Suido tunaona siku ya wavulana, iliyoadhimishwa siku ya tano ya mwezi wa tano. Samaki mkubwa mweusi wa kitambaa anapepea mbele kabisa, akijaza karatasi, huku Mlima Fuji ukionekana mdogo nyuma yake. Familia za mjini zilipandisha samaki hao ili wana wao wawe na nguvu za kupanda mkondo wa maisha.

Katika picha ya sherehe ya Tanabata, mianzi mirefu imesimama juu ya mapaa ya mji mzima. Imeangikwa vipande vya karatasi ambavyo watu waliviandikia mashairi na maombi, pamoja na mapambo yenye umbo la samaki, kipande cha tikiti, daftari la hesabu na kihesabio cha mfanyabiashara. Hakuna mtu hata mmoja anayeonekana wazi. Mji mzima unasherehekea, nasi tunaona maandishi yao tu yakipeperushwa na upepo.

Katika picha ya sherehe ya Sumiyoshi, kwenye kisiwa cha wavuvi cha Tsukudajima, bendera ndefu yenye maandishi makubwa imesimama katikati na kuziba sehemu ya mandhari. Nyuma yake, mbali, kundi la watu limebeba kijumba kitakatifu likiingia nacho baharini. Na katika picha ya sherehe ya Sanno, mojawapo ya sherehe kuu mbili za Edo, gari la mapambo liko karibu nasi kiasi kwamba ukingo wa karatasi umelikata, huku msafara ukijipinda kuelekea lango la kasri lilelile alilolilinda mchoraji utotoni.

Sasa turejee kwa paka wa kalenda yangu. Picha hiyo inaonyesha sherehe ya Tori no Machi, iliyofanyika katika siku za jogoo za mwezi wa kumi na moja. Watu walikwenda katika hekalu lililo karibu na Asakusa kununua reki za mianzi zilizopambwa, ili wajikokotee baraka za mwaka unaokuja. Dirisha alipoketi paka ni la nyumba moja katika mtaa wa Yoshiwara, mtaa wa makahaba wa Edo. Sakafuni vimelala vibanio vya nywele vyenye umbo la reki ndogo, bila shaka zawadi ya mteja. Mwanamke mwenyewe haonekani; yuko nyuma ya ukuta, kazini. Wanawake wa mtaa huo walifungwa na mikataba ya madeni na hawakuwa huru kutoka. Sherehe ya bahati njema inapita mbele ya dirisha lake, na anayeitazama kwa niaba yake ni paka.

Huu ni usomaji wangu, na msomaji ana hiari ya kuupinga: Hiroshige alizichora sherehe kwa jicho la mtu aliye zamu. Askari wa zimamoto hachezi ngoma. Wengine wanapowasha taa na kulewa, yeye huhesabu taa. Katika picha nilizozitaja kuna kitu kikubwa kilicho karibu na mtazamaji, bendera, samaki, fito za dirisha, na sherehe yenyewe iko nyuma yake au imekatwa na ukingo. Mchoraji mwingine angetuweka katikati ya wachezaji. Hiroshige anatusimamisha pale waliposimama wengi: mlangoni, juu ya paa, nyuma ya dirisha. Hakuichora furaha peke yake. Alichora pia umbali uliopo kati ya furaha na mtu anayeitamani.

Siku za Mwisho

Mwaka 1858 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Edo na kuua watu kwa maelfu. Hiroshige alifariki tarehe 12 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 61, au 62 kwa hesabu ya Kijapani. Wengi huamini kwamba kipindupindu ndicho kilichomuua. Siku chache kabla ya kufa aliandika wosia, na jambo lililomkera ndani yake lilikuwa deni. Aliagiza nyumba iuzwe ili mkopo ulipwe. Mtu ambaye picha zake zilikuwa katika kuta za mji mzima hakuweza kuwaachia warithi wake paa lisilo na mdai. Kuna shairi fupi la kuaga dunia linalohusishwa naye, ingawa wapo wanaoshuku kwamba si lake. Alizikwa katika hekalu la Togakuji huko Asakusa. Rafiki na mshindani wake, Kunisada, alimchorea picha ya kumbukumbu akiwa mtawa aliyenyoa kichwa, ameketi kwa utulivu.

Wanafunzi wa ushairi wetu watakumbuka kwamba mwaka 1858 ndio unaotajwa kuwa mwaka wa kutungwa kwa Utendi wa Mwana Kupona, wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Watu hao wawili hawakujuana, wala hakuna sababu ya kuwalinganisha kwa nguvu. Inatosha kukumbuka kwamba katika mwaka mmoja, katika pande mbili za dunia, watu wawili walioiona safari inakaribia waliketi kuandika yale ambayo hawakutaka yapotee nao.

Miaka michache baada ya kifo chake Japani ilifungua bandari zake zaidi kwa mataifa ya Magharibi, na chapa za mbao zikafika Ulaya kwa wingi. Mwaka 1887 Vincent van Gogh, aliyekuwa akiishi Paris, alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za mfululizo ule wa Edo: bustani ya miplamu ya Kameido na mvua ya ghafla juu ya daraja. Leo chapa zilezile zilizouzwa kwa bei ya tambi hutunzwa katika majumba ya makumbusho, gizani, kwa kuwa mwanga huzifisha rangi zake.

Hitimisho

Kwa nini basi jarida hili? Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu kuhusu nyimbo za harusi za Wanubi wa Kibera, nilifahamiana na bibi mmoja wa upande wa Makina aliyezijua nyimbo za doluka kuliko wote niliowauliza. Mara ya kwanza nilimsikiliza nikiwa nimesimama nje ya ua, kwa kuwa ngoma ile ilikuwa ya wanawake na mimi ni mgeni. Alinialika nirudi kuziandika. Nilichelewa. Nilingoja kinasa sauti kizuri, kisha nikangoja pendekezo langu la utafiti lipitishwe, kisha nikangoja likizo. Niliporudi, niliambiwa kuwa bibi ameshazikwa.

Sina wa kumlaumu ila nafsi yangu. Wakazi wa eneo hili tunajua jinsi vitu vinavyotoweka upesi. Kutoka juu ya ghorofa yetu hapa Ayany nimewahi kuona usiku anga likiwa jekundu upande wa chini, na asubuhi safu nzima ya vyumba ikawa majivu. Mwezi Julai 2018 tingatinga zilibomoa makazi ya maelfu ya watu wa Kibera ili kupisha barabara. Kila mara nyua ambamo ngoma zilichezwa hupotea pamoja na kuta, na wenye kuzijua nyimbo hutawanyika.

Hiroshige aliishi katika mji wa namna hiyo. Hakungoja karatasi bora wala mwaliko wa kuingia katikati ya duara. Alichora alipokuwa amesimama, kwa karatasi ya bei nafuu, pamoja na mafundi wasiojulikana, akauza kwa yeyote mwenye senti chache. Wapo watakaosema kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya riziki tu, nami sitabishana nao. Wosia wake unawapa ushahidi. Lakini mtu anayetaka leo kujua jinsi sikukuu za Edo zilivyoonekana kwa macho ya mkazi wa kawaida hana budi kumwendea yeye.

Ninawahimiza wanafunzi wenzangu, hasa wa fasihi simulizi, wasidharau daftari la mazoezi na kalamu ya wino, wala wasione haya kuandika kutoka nje ya ua pale wanapokuwa hawajaalikwa ndani, ilimradi waseme wazi kwamba walisimama nje. Ile picha ya paka ipo ukutani kwangu, juu ya meza. Jumamosi iliyopita nilikwenda Makina kwa dada yake yule bibi, naye alinikaribisha chai. Alisema anazikumbuka nyimbo nne kwa ukamilifu na nyingine vipandevipande. Tulianza na zile vipandevipande.